Maji ya Ua Wangu

Naikumbuka bado Jumamosi moja ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, kule Kinyinya, mwanangu. Tulikuwa tumemaliza kuzibua mitaro ya mtaa, tukakaa kwenye nyasi kwa mkutano. Nilikuwa kijana, tumerudi nchini kwetu kutoka ukimbizini Karagwe miaka michache tu, nami nilikuwa nimetoka kwenye mafunzo ya permakalcha. Nikaomba kusema. Nikamwaga maneno: mifumo ya ikolojia, usanifu wa makazi, mzunguko wa virutubisho. Fundi baiskeli mmoja, mtu wa mzaha, akauliza kama dawa hiyo hupuliziwa asubuhi au jioni. Watu wakacheka. Nikajisemea moyoni kwamba hawa hawafundishiki.

Ndipo Mama Uwera, bibi aliyeishi chini ya mteremko wangu, aliposema bila kuinuka:

"Papa Keza, maji yako hufika kwangu kabla ya maneno yako."

Kicheko kikakatika, maana kila mtu alijua. Nilipojenga, nilisakafia ua wote kwa saruji. Siku zile, kwetu tuliorudi, ua wa udongo ulionekana dalili ya mtu ambaye bado hajafanikiwa. Mvua ikinyesha, maji ya bati na ya ua yalimshukia yote kwenye kishamba chake cha maharagwe. Msimu ule yalibeba mbegu na udongo wake, na chakula chake chote kilitoka hapo. Alikuwa amekwisha kuja kuniambia, nami nikamjibu kwamba mteremko ni wa Mungu. Nyani haoni kundule, nami nilisimama mbele ya mtaa mzima nikihubiri.

Nikarudi nyumbani nikikifikiria kibanja cha mama yangu Karagwe. Migomba juu, kahawa katikati, maharagwe chini, nyasi zimetandazwa, maganda ya ndizi yanarudi shinani. Naisikia hata leo harufu yake baada ya mvua. Mama hakuwa na jina la kuyaita hayo yote. Mimi nilipata jina, nikapoteza jambo lenyewe.

Nilivunja saruji kwa nyundo, nikachimba mtaro wa kukinga maji, nikapanda migomba na matete ukingoni. Lakini majuto ni mjukuu: msimu wa Mama Uwera ulikuwa umekwisha kupotea. Nilimpelekea gunia la maharagwe, akalipokea kwa adabu, ila hakuingia uani kwangu. Aliingia mvua iliporudi, kitenge kichwani. Maji yalijaa mtaroni, yakatulia, yakazama taratibu.

"Ndiyo hii uliyokuwa ukisema?"

Nikamwambia ndiyo.

"Sasa mbona hukusema hivi?"

Ametangulia sasa, na Kinyinya imejaa nyumba mpya. Natamani ningeishika nyundo siku ile ya kwanza aliponibishia hodi.

Mwanangu, ukiulizwa permakalcha ni nini, usianze na jina. Sema ni kupanga mahali unapoishi ili kinachotoka jikoni, zizini na juu ya bati kipewe kazi nyumbani, kabla hakijamdhuru mwingine. Kisha mwonyeshe aliyekuuliza; ikibidi, ngoja mvua ianze ndipo umwite. Lakini kabla hujamfundisha mtu, shuka kwa jirani wa chini umuulize anapokea nini kutoka kwako.

Mungu akujalie udongo unaoshika maji, na jirani wa kukuambia ukweli wakati wewe ungali na nguvu za kuvunja ulichokosea kujenga.