Skrini Iliyoganda kwenye Nyuzi Nne

Hospitalini walimwita Zima-Washa, na mwenyewe hakukasirika. Kwa miaka kumi na mitatu alikuwa fundi pekee wa kompyuta katika hospitali ile ya wilaya, mwenye chumba kidogo nyuma ya stoo ya mashuka, na dawa yake ilikuwa moja: zima, hesabu hadi kumi, washa. Mashine tisa kati ya kumi ziliitika. Wauguzi walipomwona akipita na mfuko wake wa nyaya walimtania kwamba siku akiugua nao watamzima, wahesabu hadi kumi, wamwashe. Alicheka nao. Alikuwa mtu wa watu, baba wa watoto watatu, asiyejua kumwambia mtu hapana, na kama alikuwa na ila basi ni hii: alipenda kazi iishe. Kuulizia kwa nini mashine imegoma aliwaachia wenye nafasi.

Chumba cha chanjo kilikuwa mwisho wa korido. Ndani mlikuwa na friji mbili ndefu, na ukutani skrini iliyoonyesha joto la kila moja usiku na mchana. Chanjo ikipata joto huharibika bila kubadilika rangi wala harufu, kwa hiyo wote waliitegemea skrini ile. Msimamizi wa chumba, muuguzi wa makamo waliyemwita Mama Chanjo, alikuwa rafiki wa Zima-Washa tangu wote wawili wakiwa wageni kazini. Kila asubuhi na kila jioni alisoma namba za skrini akazinakili kwenye daftari, kwa mwandiko ulionyooka kama umepigwa rula.

Skrini ilipoganda mara ya kwanza kwenye nyuzi nne, yeye ndiye aliyeshtuka. Alifungua mlango wa friji makusudi, akauacha wazi dakika tano nzima, na namba haikutikisika. Akamwita fundi.

"Kaka, hiki kidude kinanidanganya."

"Kimechoka tu, dada," akasema, akazima, akahesabu, akawasha. Namba zikaanza kupanda na kushuka kama kawaida.

Mara ya tatu Mama Chanjo alimwuliza kama wenye programu wanajua. Programu ile ilikuwa ya bure, imetengenezwa na watu wa kujitolea waliotawanyika duniani, na pamoja nayo ilikuja nyingine ndogo ya kuwapelekea taarifa za hitilafu. Fundi akaifungua mbele yake. Likatokea dirisha jeusi lenye maandishi meupe, lisilo na picha wala kitufe cha kubofya. Kila kitu unaandika. Lilitaka jina lake kamili, kisha anwani ya barua pepe, kisha seva, yaani kompyuta ya kupitishia barua. Likamwonya kwamba atakachoandika kitasomwa na yeyote na hakitafutwa. Alipotaja seva ya hospitali, ikakataa. Akaangalia saa, wa wodi ya wazazi walikuwa wanamsubiri.

"Nitaliweka sawa kesho, dada," akasema, akalifunga. Hakulifungua tena. Katika miezi saba skrini iliganda mara kumi na moja, na kila mara ilipona kwa dawa ileile.

Mara ya kumi na moja ilikuwa Jumatatu. Mota ya friji ya pili ilikuwa imesimama tangu Jumapili, skrini ikikazania nyuzi nne. Watoto arobaini na mmoja walidungwa chanjo iliyokwisha nguvu kabla muuguzi mmoja hajashika kichupa akakikuta kina uvuguvugu. Haikuwadhuru, lakini haikuwakinga na kitu. Zima-Washa aliitwa, na kwa mazoea tu, kabla hajafikiri, akazima akawasha. Jioni ile mota nayo ikaamka yenyewe, na wakaguzi walipofika kesho yake walikuta friji baridi, inanguruma kama haijawahi kukosea.

Kumbukumbu za kompyuta zilisema nyuzi nne siku zote mbili hadi alipozima, na joto la baada ya hapo walisema ni la mlango uliofunguliwa ovyo. Daftari la Mama Chanjo, kwa mwandiko wake mwenyewe, lilisema nyuzi nne. Basi, wakasema wakaguzi, friji haikuwa na kosa. Aliyeacha vichupa nje ni yeye, na sasa anatafuta pa kujificha kwa kuisingizia skrini. Walimsimamisha kazi akingoja kikao cha Ijumaa. Mganga mkuu alimwuliza Zima-Washa kwa maandishi kama mfumo ni mzima, naye akajibu: "Unafanya kazi vizuri." Siku hiyo ilikuwa kweli, na ndiyo iliyomnyima raha, maana alijua kwamba kwa ukweli ule mdogo amemtoa mwenzake kafara.

Jumatano asubuhi alijifungia, akafungua dirisha jeusi. Akaandika jina lake kamili, ambalo wengi hospitalini hawakulijua. Akaandika barua pepe yake. Seva ya hospitali ilipokataa tena, alisoma maelezo mstari kwa mstari, akaweka seva ya barua pepe yake binafsi pamoja na nenosiri, akajaribu, ikakubali. Kazi yote ilimchukua dakika ishirini. Kwa miezi yote ile alikuwa ameziogopa dakika ishirini.

Kabla ya kupokea taarifa mpya, dirisha lilimletea za zamani zinazofanana na yake, asije akarudia jambo lililokwisha kusemwa. Ilikuwepo moja. Mkunga wa nchi ya mbali, miezi mitano nyuma, alikuwa ameandika kwamba skrini yao imeganda kwenye nyuzi nne na friji ina joto. Watengenezaji walimjibu kwa adabu: je, kuna mwingine aliyeona hali hii? Wakangoja siku sitini. Hakuna aliyejibu. Wakaifunga na kuandika chini yake kwamba haijathibitishwa.

Zima-Washa alirudi nyuma kwenye kiti, mikono juu ya magoti. Siku mkunga yule anaandika, yeye alikuwa ameiona mara nne. Mstari mmoja tu ungetosha. Alilia, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, huku mlango umefungwa na watu wa mashuka wakihesabu foronya upande wa pili.

Kisha akaendelea. Dirisha liliuliza uzito wa hitilafu, kuanzia kero ndogo hadi hatari kubwa. Vidole vilitaka kwenda katikati, mahali asipoulizwa mtu maswali. Akachagua hatari kubwa. Likauliza: ulifanya nini, ulitarajia nini, kikatokea nini? Akaandika kwamba skrini ilizimwa ikawashwa. Akasoma, akaona amejikosha, ni kana kwamba imezimwa na upepo. Akafuta. "Niliizima mimi," akaandika, "mara kumi na moja, na sikumwambia mtu." Hata angetaka kupunguza asingeweza, maana programu iliambatanisha yenyewe tarehe na saa ya kila alipozima. Ikamwuliza kama itume. Akajibu ndiyo, akachapisha nakala, akaipeleka kwa mganga mkuu kwa mkono wake.

Kikao cha Ijumaa hakikuchukua muda. Watengenezaji walikuwa wameshajibu kwamba wameliona kosa, na hospitali tatu za nchi nyingine zilikuwa zimeandika chini ya taarifa yake kwamba zimekagua friji zao na kukuta vilevile. Mama Chanjo alirudishwa kazini. Zima-Washa alipewa barua ya kusimamishwa miezi mitatu, akaitia saini.

Alimkuta Mama Chanjo koridoni, ameshika ile nakala ya taarifa.

"Tarehe hii ya kwanza," akasema, "ndiyo siku niliyokuita?"

"Ndiyo, dada. Nisamehe. Nilikuacha peke yako."

"Siku tatu nzima nyumbani nilijiuliza kama kweli nilisahau vichupa nje. Nilianza kuamini." Aliikunja karatasi polepole. "Kazi yangu nimerudishiwa, kaka. Nakushukuru. Lakini wale watoto, thelathini na wanane ndio waliorudi kuchanjwa upya. Watatu hawajapatikana. Simu hazipatikani, nyumba wamehama."

Akatoa mfukoni kipande cha daftari, akampa. Alikisoma amesimama. Palikuwa na majina matatu kwa mwandiko ule ulionyooka, na mbele ya kila jina, umri, umehesabiwa kwa wiki.