Mdudu wa Chini ya Ulimi

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, tukikaa mtaa wa Bigo hapa Bunia, mbwa walikuwa wengi kuliko wenye mbwa. Vita vilikuwa vimekwisha, au ndivyo tulivyoambiwa. Askari walilala shuleni kwetu, nasi tulilala na nguo zetu. Waliokimbia walikuwa wameacha nyumba, na mbwa wa nyumba hizo walizurura kwa makundi, wakigombania mifupa nyuma ya soko.

Mimi nilikuwa na mbwa wangu. Aliletwa kutoka Irumu akiwa mdogo, ndani ya kikapu, kwa hiyo tulimwita Irumu. Tumbo lake lilikuwa limevimba kwa minyoo na masikio yamejaa kupe. Aliyemtibu ni kaka mkubwa wa mama, jina lake kamili Zakaria Lonu. Mjomba alimtoa kupe mmoja mmoja, akamnywesha mbegu za papai zilizosagwa, na haukupita muda mbwa akaanza kukimbia. Tangu siku hizo nilimwamini mjomba kuliko mwalimu wangu.

Watu waliamini kwamba kichaa cha mbwa huletwa na mdudu mweupe, mwembamba kama uzi, anayekaa chini ya ulimi. Akikatwa mbwa angali mchanga, mbwa huyo hawi kichaa maisha yake yote. Mjomba ndiye aliyekuwa mkataji wa Bigo na wa mtaa wa pili, Ngezi. Nilimshika Irumu masikio. Mjomba akavuta ulimi, akapitisha wembe, akanionyesha kitu cheupe juu ya kidole chake. Mama alikizika karibu na mafiga.

"Basi," alisema mjomba. "Hii imbwa haiwezi tena kupata wazimu. Mukiona povu, mujue imekula sabuni."

Tulicheka sana.

Miezi michache baadaye veterinere, yaani daktari wa mifugo, Bwana Anselemi, alitangaza kwamba amepata dawa ya chanjo ya kichaa, chupa chache tu, na kwamba atadunga mbwa Jumamosi. Asubuhi hiyo nilimfunga Irumu kamba. Mjomba alinikuta mlangoni.

"Weye, unapeleka imbwa wapi?"

"Kwa sindano, mjomba."

"Sindano! Muone huyu mutoto wa masomo! Ile sindano inaua mapua. Imbwa yako haitasikia tena harufu ya mwizi. Na mududu nilishatoa. Unataka nitoe ngapi?"

Mama alikuwa akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Sikia mujomba yako," alisema.

Nikaifungua kamba.

Irumu aliacha kula wakati wa mvua. Alijificha chini ya ghala, sauti yake ikawa nzito kama ya mtu mwenye mafua, na mate yakamtiririka. Nilidhani mfupa umemkwama kooni. Niliingiza mkono kinywani mwake niutafute, naye akaniuma, yeye ambaye hakuwahi kuniuma hata kwa mchezo. Mchana uleule majirani walimuua kwa fito.

Mjomba alikuja, akayatazama mafiga kwa muda mrefu.

"Kuku zilifukua mududu. Huyu mutoto hakuchunga."

"Si nilikuambia juu ya kuku?" mama alinigeukia.

Sikukumbuka kuambiwa neno lolote juu ya kuku. Hata hivyo nilikubali kosa, na nilimlilia Irumu kama mtu aliyemuua.

Mama alinipeleka kwa veterinere. Bwana Anselemi aliniosha jeraha kwa maji na sabuni mpaka nikadhani hatamaliza, kisha akauliza kama mbwa alikuwa amechanjwa. Miwani yake ilikuwa imevunjika, kwa hiyo alinisukumia daftari lake.

"Unajua kusoma? Tafuta jina ya imbwa yenu."

Nilijua halimo, lakini nilikuwa nimefundishwa kutii. Mstari wa kwanza: Askari. Mstari wa pili: Malkia. Mbele ya majina hayo, jina la mwenyewe: Zakaria Lonu, Bigo. Hao walikuwa mbwa wa kuwindia wa mjomba. Jumamosi ile, alipotoka mlangoni kwetu, alikwenda kupanga mstari kabla ya watu wote.

"Umeona nini?" aliuliza mama, ambaye hakusoma.

"Jina letu haliko, mama."

Nilidungwa sindano za tumbo hospitalini, siku baada ya siku, na ugonjwa haukunishika. Mjomba aliniletea muwa. "Mwanaume, tumbo iko namna gani?" Nikautafuna mbele yake.

Juu ya imani yenyewe sina ugomvi. Watu walikata ndimi za mbwa wao kwa sababu waliwapenda na hawakuwa na dawa. Lakini mjomba hakuamini. Alijua chupa ni chache, na kila mbwa aliyebaki nyumbani alimwachia nafasi.

Mama alimpikia kaka yake kila Jumapili mpaka mama mwenyewe alipofariki, nami sikumwambia kitu. Nilijidai kwamba ndugu zake waliobaki baada ya vita ni wachache mno, siwezi kumnyang'anya huyu. Mjomba naye aliendelea kukata. Watoto wa Ngezi walikuja wamekumbatia mbwa wao wadogo, wakasimama kwenye ua wetu, jirani na nyumba ya mjomba.

"Yaya, muzee Zakaria iko?" waliniuliza; yaya kwetu ni kaka mkubwa.

Nami, niliyejua, niliwaonyesha mlango wake.