Kumtafuta Binti wa Kwanza

Mama yangu ana jina la binti wa tatu. Kwetu Wanande mtoto hazaliwi kwanza ndipo atafutiwe jina. Jina huwa linamngoja. Binti wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, wa tatu naye ana lake, wavulana vivyo hivyo, na hesabu hufuata tumbo la mama. Ukisikia tu mtu anavyoitwa, umeshajua alitanguliwa na wangapi. Hata aliyekufa mchanga hafutwi. Anayemfuata hapandi kukalia kiti chake.

Sasa mama alimjua dada mmoja tu, na huyo alikuwa na jina la binti wa pili. Tulimzika kijijini kwetu Eringeti zamani, kwa ugonjwa wa kawaida, wakati watu bado walikuwa wanakufa kwa magonjwa ya kawaida. Wa kwanza mama hakuwahi kumwona. Hakuna picha, hakuna kaburi, hakuna hata hadithi. Nyanya yangu, kila alipoulizwa, aliinuka akaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri. Akafa na jambo lake tumboni.

Mimi ningeliacha hapo. Ni mwanamke mwenye duka la vipuri vya pikipiki hapa Butembo, na waendesha pikipiki wananichosha vya kutosha kuanzia asubuhi: huyu analia minyororo, yule anabishania plagi ambayo ameiharibu mwenyewe. Lakini mama anaishi kwangu tangu alipokimbia mauaji kule Eringeti, akiwa na kitenge kimoja na sufuria isiyo na mfuniko. Miguu inamvimba. Anajua anakoelekea, na hanifichi. Kila Novemba, mwezi wa kuombea wafu, hupeleka parokiani majina ya watu wake ili yasomwe kwenye misa, na kila mwaka alipofika kwa dada yake wa kwanza alisita na kumwacha. Mwaka uliopita alirudi kutoka kanisani akakaa kitandani bila kuvua viatu.

“Misa ya bamarehemu siwezi kumuombea mutu mwenye pengine angali anapumua,” akaniambia. “Na kama alikufa, njo hakuna mwenye alimuombea hata siku moja. Unitafutie tu, mwana wangu. Nijue namuombea namna gani, mbele sijaenda.”

Ungemjibu nini mama mwenye miguu kama ile? Nilikubali, na moyoni nilikasirika, maana nilijua kazi yenyewe ni kusaka sindano katika ghala la mtu mwingine.

Nilianza kwa simu, kwa sababu simu haitaki nauli. Kuna tovuti za watu wanaotafuta mababu zao, na kumbe vitabu vingi vya ubatizo vimepigwa picha na kuwekwa humo. Tovuti iliniuliza jina la familia. Sisi hatuna jina la familia. Nyumba moja inaweza kuwa na watoto saba wenye majina saba, na hakuna hata mmoja anayeitwa kama baba yake. Nilipoandika langu na la baba, mtambo ule uliniuliza kama nina hakika kwamba huyu ni baba yangu. Nilijibu kwa sauti, pale pale dukani, kwamba nina hakika, na mteja mmoja akaniangalia kwa huruma.

Kisha nikaandika jina la binti wa kwanza na neno Beni. Nikaletewa mabinti wa kwanza wa kila nyumba, kutoka Lubero mpaka ng'ambo ya mpaka, Uganda, kwa ndugu zetu Wakonzo. Wote dada zake mama, ukiamini mtambo. Nilizima simu nikaenda kuuza plagi.

Ikabidi kwenda Beni. Nyanya alifunga ndoa huko, kwenye misheni ya zamani, na mama na dada yake walibatizwa huko. Kama wa kwanza aliandikwa popote, basi ni hapo. Ile barabara sitaisimulia. Yeyote aliyeipita miaka hii anajua jinsi gari zima linavyonyamaza mahali fulani, halafu mahali fulani watu wanaanza tena kuulizana bei ya maharagwe. Mgongo wangu nao ulinyamaza, kisha ukaanza tena.

Sekretari wa parokia alikuwa mzee mwenye mafua, asiyependa wageni. Alinieleza kwamba vitabu vingine vilipelekwa kwa askofu, vingine vililiwa na mchwa, na vingine vililowa mvua paa lilipovuja, na kwamba ofisi inafungwa saa sita. Kisha akanipa vilivyobaki na meza yenye mguu mbovu. Mapadri wa kale waliandika kwa wino uliogeuka rangi ya chai, na majina yetu waliyaandika jinsi masikio yao yalivyoweza. Nilimpata mama. Nilikaa nikiutazama mstari wake, mama yangu akiwa na umri wa siku chache, nikaona machozi yananijia, nikajilaumu kwa kupoteza muda. Nilimpata na mama mkubwa, wa pili. Wote chini ya jina la babu.

Wa kwanza hakuwepo. Nilirudi nyuma kurasa na kurasa, nikatafuta chini ya babu, chini ya kaka wa babu, mpaka macho yakawasha. Sekretari alipoanza kutikisa funguo nilifunga kitabu. Nilimwambia asante, akaniambia Mungu anibariki na nisiache mlango wazi.

Niliyatambua makosa yangu ndani ya gari la kurudi, tumesimamishwa kwenye kizuizi cha Maboya kuonyesha vitambulisho. Vitabu vile vinamweka mtoto chini ya baba. Majina yetu yanamhesabu kwa mama. Nami asubuhi nzima nilikuwa natafuta binti wa nyanya chini ya babu yangu, bila kujiuliza hata mara moja kama babu ndiye aliyemzaa. Na ningejiulizaje? Kwetu hakuna anayemwuliza nyanya yake kama aliwahi kuolewa kwingine. Mwanamke akiachana na mume, watoto hubaki kwa watu waliotoa mbuzi wa mahari. Anaondoka peke yake, na anakoolewa upya hawataji.

Nilipomweleza mama, nilitegemea anikaripie. Badala yake akasema kwamba nyanya alikuwa mtu wa kusini, upande wa Kirumba, na kwamba maisha yake yote hakukubali kupita Butembo kwenda huko, hata kwenye matanga ya ndugu zake mwenyewe. Walidhani anaogopa barabara.

Basi nikafanya jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo, kama akili ingetangulia miguu. Nina wateja wa jumla Kirumba, na tuna kundi letu la WhatsApp la bei na mizigo. Nilirekodi sauti katikati ya habari za matairi: namtafuta mama mzee, binti wa kwanza wa mama yake, aliyeachwa mdogo kwa watu wa baba yake, mama yake akaenda kuolewa upande wa Beni. Nikataja jina la nyanya la ubatizo, ukoo wake, na kovu la moto alilokuwa nalo kwenye mkono wa kushoto. Mtu mmoja alijibu kwa kuuliza bei ya betri.

Lakini sauti ile ilitembea, kutoka simu hadi simu. Siku chache baadaye akanipigia mwanamke wa Kirumba, mwuza maharagwe. Aliniita mama tangu neno la kwanza, kama mwenye hakika ya undugu wetu, nami nikamwacha aniite. Alisema yule ninayemtafuta ni koko yake, bibi aliyemlea. Kovu alilijua: koko yake alimsimulia mara nyingi kwamba kitu pekee anachokumbuka cha mama yake ni mkono wenye kovu ukimfunga kitambaa kichwani, asubuhi ile alipoondoka.

Nikauliza yuko wapi. Akasema walimzika mwaka juzi.

Kirumba. Mizigo yangu hufika huko kabla ya chakula cha jioni. Miaka yote ile nimekuwa nikipeleka minyororo na taa kwenye mji ambao mama mkubwa wangu alikuwa anaota jua mlangoni mwake. Nilikaa juu ya katoni ya vipuri nikashindwa hata kulia.

Yule mwanamke hakuwa amemaliza. Alitaka kujua kwanza ninaulizia kwa niaba ya nani, na nilipomwambia kwamba ni mdogo wake koko, wa tatu, na kwamba yuko nyumbani kwangu, amelala, aliniomba nirudie.

“Mama, sisi tulijuaka bote balikufa,” akasema. “Bafanyabiashara balimwambia koko eko na badogo babili Eringeti. Kisha wakati ya ile mauaji, bakamwambia kijiji yote iliisha. Tangu pale, kila Novemba, alikuwa anabaombea misa ya bamarehemu, bote babili. Na sisi tunaendelea, sababu alituomba tusiache.”

Nilizunguka dukani nikipanga vitu vilivyokuwa vimepangwa. Habari kama hiyo unampaje mgonjwa? Mwishowe nilifunga duka mapema, nikaenda nikaketi ukingoni mwa kitanda chake, nikamwambia yote kwa mfuatano wake bila kupunguza: ndoa ya kwanza, kovu, kitambaa cha kichwani, kaburi la mwaka juzi, misa.

Mama alilia kwanza, kilio kidogo kisicho na sauti, cha mtu asiye na nguvu za kupoteza. Akauliza kama dada yake alizaa. Nikasema alizaa, na wajukuu wapo. Akauliza kama alikuwa mrefu. Sikujua. Kisha nikaona mabega yanamtikisika, na nilipoinama kumshika nikakuta anacheka.

“Donc, kumbe Kirumba mi niko marehemu,” akasema. “Ile miaka yote niko napika hapa, dada yangu eko ananililia.”

Alijifuta uso kwa pindo la kitenge akaniambia kesho niende parokiani, dada yake aombewe sasa kama watu wengine, kwa jina lake. Nikasema nitaenda. Nikamwambia pia kwamba nitampigia yule mjukuu wa Kirumba awaeleze wenzake wasitishe ile misa wanayomwombea mama, maana si vizuri mtu aliye hai asomwe kati ya wafu.

 Mama alikuwa ameinua miguu yake iliyovimba juu ya mto, anaitazama.

“Hapana kubakataza,” akasema. “Bawache baendelee tu. Siku yangu haiko mbali.”