Mpiga Ngoma Aliyepakwa Vumbi

Jumamosi, tarehe saba Juni 1969. Nilikuwa kibarazani kwangu Ipagala nikisahihisha insha za wanafunzi, shali mabegani kwa ajili ya upepo wa kipupwe, mjukuu wa bibi mmoja mpiga ngoma, rafiki yangu wa siku nyingi, alipofika langoni. Hakubisha hodi. Alisimama tu, akashika ukingo wa lango kwa mikono miwili. Ni mwanamke wa miaka thelathini hivi, karani katika ofisi moja ya hapa mjini. "Shikamoo, Mwalimu," alisema hatimaye. "Marahaba, mwanangu. Bibi hajambo?" "Bibi katuacha alfajiri." Niliweka kalamu chini. Kisha, kama watu wafanyavyo machozi yanapochelewa, tukaanza kuzungumza habari za turubai na masufuria, na nani atapeleka unga. Alipokuwa anaondoka ndipo akageuka. "Na ile ngoma, Mwalimu? Akina mama wanataka niipige mimi siku ya kuanua tanga, mbele ya watu wote wale. Nisipoipiga itahamia nyumba nyingine. Lakini najijua, magoti yangu hayatashika." Nilimfungulia lango tu. Jibu lilikuwa refu, na aliyestahili kulitoa alikuwa ameondoka alfajiri.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mtaniwia radhi nikianza na aibu yangu mwenyewe, kwa maana ndiyo iliyonikutanisha na marehemu. Miaka zaidi ya ishirini iliyopita nilikuwa mwalimu mpya wa kike, nimetoka chuoni na cheti changu kikiwa bado hakijapata mikunjo, na kwa kuwa nilijua kupiga kinanda nilipewa kazi ya kukipiga siku ya wazazi. Peke yangu darasani nilikipiga vizuri. Siku ya mazoezi, walimu wenzangu walipoingia na kukaa, vidole vyangu vilikuwa kama vya mtu aliyetoka kuoga maji ya kisimani asubuhi ya Julai. Nilikosea ubeti wa kwanza mara tatu, nikafunga kinanda, nikatoka nje. Nyuma ya jengo alikuwapo mwanamke mmoja wa makamo, mwembamba, aliyekuja kuuza karanga kwa wanafunzi. Alinitazama nikilia, akaendelea kumenya. Baadaye akauliza, "Mwalimu, umejipaka mafuta?" Nilidhani ananidhihaki. Nikasema ndiyo, nimejipaka, kwani kuna nini? Akacheka mpaka karanga zikamwagika. "Basi kaa hapa nikuhadithie."

Alikuwa binti wa miaka kumi na minne au kumi na mitano, alisema, enzi za Mjerumani, au Mdachi kama alivyomwita, mwaka ule reli ilipofika Dodoma kutoka pwani. Mama yake ndiye aliyekuwa na ngoma kubwa ya muheme katika mtaa wao wa matembe, zile nyumba za udongo zenye paa bapa. Kwa wasiojua, muheme ni ngoma ya wanawake, nayo haiwekwi chini wala haining'inizwi shingoni. Mpigaji husimama, akaibana katikati ya mapaja, juu kidogo ya magoti, na mikono yote miwili ikabaki huru kwa kupiga. Ngoma ya kuongoza hukaa katika nyumba yenye mikono ya kuipiga. Nyumba ikishindwa mbele ya watu, akina mama huichukua wakaipeleka kwingine, na si rahisi irudi. Sasa mwaka huo mama yake aliteleza na mtungi, akavunjika kifundo cha mkono. Siku chache baadaye jumbe akapita akitangaza amri: garimoshi la kwanza linakuja, Wadachi wanataka ngoma, kila mtaa ulete ya kwake. Jirani mmoja, mwanamke hodari mwenye sauti, akaja kumjulia hali mgonjwa huku macho yake yakiwa kwenye ngoma. "Pole, dada. Na hii atapiga nani?" Mama akajibu bila kufikiri, "Huyu hapa," akimwonyesha bintiye, ambaye tangu azaliwe alikuwa mchezaji tu na ngoma ile aliipigia uani, mama yake akiwa msikilizaji pekee.

Asubuhi ya siku yenyewe binti yule aliamka, akafanya alivyozoea kufanya kila penye ngoma: alichukua mafuta ya nyonyo yaliyochanganywa na udongo mwekundu, akajipaka mwili mzima mpaka miguuni, ang'ae kama wenzake. Mchezaji hujipaka hivyo. Mpigaji, kamwe. Alilijua hilo, aliniambia, alilijua kama alivyojua jina lake, lakini hofu ilikuwa imemfuta akili. Wakafika kwenye tuta la reli. Hapo akaona umati ambao hakuwahi kuuona: vibarua kutoka Unyamwezi wameegemea masepetu, wanyapara, askari wenye tarabushi, na Wadachi wawili wameketi kwenye viti. Akaingia katikati, akaibana ngoma, akanyanyua mikono. Magoti yakatetemeka, mafuta yakafanya kazi yake, na ngoma ikachomoka kama samaki, ikaanguka, ikabiringika tutani hadi kwenye buti la askari. "Haya! Ndama wenu kakata kamba!" askari akapaza sauti, na umati wote ukaangua kicheko. Jumbe akafoka, "Wewe mtoto, unatuaibisha mbele ya Bwana!" Naye jirani akasogea, ameshakunja kaniki yake mapajani. "Ileteni huku. Miye sikuoga mafuta."

"Nikamshika mama yangu," bibi aliniambia, "nikamwambia, Mama, twende nyumbani. Unajua alinijibu nini? Akasema: twende na ngoma, au twende bila ngoma?" Mama yake akapiga magoti, akiwapa Wadachi mgongo, akachota vumbi la tuta kwa mkono wake mzima, akaanza kumsugua mwanawe mapaja na magoti mbele ya macho yote yale, polepole, kama anayesafisha chungu. Wakacheka tena. Hakuharakisha. Alipomaliza alimbiringishia ngoma kutoka miguuni pa askari, akasimama karibu sana mbele yake, mkono uliofungwa umekaa kifuani. "Usitazame viti. Tazama miguu yangu. Wale ni wengi, hii ni miwili. Ipigie hii." Akaanza kucheza. Na binti akapiga, kwanza vibaya, kisha vibaya kidogo, kisha ikawa kama wako uani.

Nilimuuliza lile ambalo ninyi pia mngeuliza: Wadachi walisemaje? Alinitazama kana kwamba nimeuliza habari za mvua ya mwaka mwingine. "Wale? Sijui walipenda au hawakupenda. Sikuwaona tena." Na yule jirani? Hapo ndipo uso wake ulipofunguka. "Yule ndiye wa kwanza kupiga makofi. Angefanyaje, na miguu yake ilikwishamtangulia?" Ngoma ikarudi nyumbani. Haijatoka tangu siku hiyo.

Kwa muda mrefu nilidhani kisa hiki kinahusu ushujaa. Sasa ninapokirudia nyuma ya jeneza la mwenyewe nakiona tofauti. Siku moja nilimwuliza kama hakuwahi kuogopa kabla ya hapo, katika ngoma za mavuno, mbele ya mtaa mzima. Alishangaa. Amwogope nani? Katika ngoma zao, alisema, hakuna aliyesimama bure. Asiyepiga huimba, asiyeimba hucheza, aliyechoka hupiga makofi akiwa ameketi. Pale kwenye tuta ndipo alipokutana kwa mara ya kwanza na watu waliokuja kutazama tu, mikono imekunjwa, na tena watu wenye uwezo wa kuamuru ngoma ilie kama wanavyoamuru vibarua wabebe mataruma ya reli. Sisemi kwamba Mjerumani ndiye aliyetuletea woga. Mwanadamu alitetemeka kabla yake. Lakini nadhani bibi aliona jambo ambalo chuoni hawakunifundisha: kwamba mpigaji hutetemeka zaidi pale anapogeuzwa kitu cha kutazamwa. Tumerithi viti vile. Shuleni kwetu tunamsimamisha mtoto jukwaani na filimbi yake, tunaketi safu kwa safu, tunakunja mikono, kisha tunamwambia ajiamini. Ajiamini vipi, na sisi tumemwacha peke yake?

Mama yule hakumwambia mwanawe ajiamini. Alifanya mambo mawili tu: alimwondolea utelezi, na akaingia naye ndani ya ngoma. Bibi alinifanyia hayo hayo. Siku ya wazazi alikuja, hakuwa na mtoto shuleni, akaketi benchi la mbele kabisa ubavuni mwa kinanda, akavua kandambili na kunyoosha miguu yake yenye nyufa mpaka nikaweza kuiona bila kugeuza shingo. Mwalimu mkuu alimkazia macho, hakujali. Kidole gumba chake cha mguu kilikuwa kikienda na wimbo, wakati mwingine mbele ya wimbo, nami nilikifuata. Nilikosea mara mbili. Sidhani kama kuna aliyejua zaidi yangu na kidole kile. Tangu hapo, miaka yote hii, kabla ya kupiga mahali popote nimekuwa nikigusa udongo kidogo kwa ncha za vidole, na wenzangu hudhani nimeangusha kitu.

Siku ya mazishi ngoma ilikuwapo, imeegemezwa ukutani mwa tembe, na haikulia. Mjukuu aliizunguka mbali kama mtu anayezunguka mbwa asiyemjua. Wanawake wazee walinong'onezana. Nilirudi nyumbani nikiona aibu kwamba nilikuwa nimekunja mikono pamoja na wengine. Kama kuna fundisho katika safu hii, ni hilo, nalo linanihusu mimi kwanza kabla ya kumhusu anayetetemeka. Baada ya wiki tano, niliposikia kwamba siku ya kuanua tanga imepangwa, nilimwandikia mjukuu barua hii.

"Mwanangu, salamu. Nimeambiwa ni Jumamosi hii. Nakuomba kuanzia Ijumaa usijipake mafuta ya aina yoyote miguuni, hata haya ya dukani yanayonukia. Kazi yake ni ile ile. Udongo nitakuja nao mimi. Jana nilikwenda kuuchota kando ya reli, nimeutia kwenye kopo la maziwa, na nitakusugua mwenyewe, mbele ya watu, kwa hiyo jiandae kuchekwa. Kisha nitacheza mbele yako. Unajua kwamba sijui kucheza muheme, nami najua watanicheka kuliko watakavyokucheka wewe. Viatu nitaviacha langoni. Usitafute uso wa mtu. Miguu yangu ni miwili. Ipigie hiyo."