Kichwa Changu Magotini mwa Bibi

Si kweli! Tena usinirudie maneno hayo. Eti nywele za mtoto huyu ni ngumu, kila siku zinajifunga, dawa yake wembe. Hivyo ndivyo alivyoniambia yule binti mwenye kitana cha moto pale sokoni, jana, mbele ya mtoto wa dada yangu, na wewe ukatikisa kichwa kumkubalia. Nilikasirika mpaka nikasahau sabuni niliyofuata. Nywele hazijifungi zenyewe. Zinafungwa na uvivu wa watu wazima. Kaa hapo nikwambie.

Mimi nimelelewa na bibi, kule Ilembo, enzi zile king'ora cha mgodi kikilia asubuhi kila mtu anajua uji uwe jikoni. Mama alikufa nikiwa mdogo, nikanyolewa kipara cha msiba kama mila inavyotaka. Nywele zilipoota tena, bibi akaapa, "Kichwa hiki kimeshalia. Hakinyolewi tena mpaka siku ya kunililia mimi." Basi akazilinda kama mtu anavyolinda shamba lisiliwe na nguruwe.

Kila Jumamosi alinikalisha chini, kichwa katikati ya magoti yake. Maji ya vuguvugu kwanza, halafu mafuta ya nyonyo yenye harufu nzito. Kitana chake kilichongwa kwa mninga. Alianza nchani, anapanda kidogo kidogo, mkono mwingine umebana shina nisiumie. Nikilia ananitania, "Tulia, mke mwenzangu! Babu yako atakupendaje na kichwa cha nungunungu?" Halafu anasuka, anafunga kitambaa. Kulala nywele wazi, mwiko. Kwenda kuni nywele wazi, mwiko, maana unarudi kichwa kimejaa kishonanguo.

Sasa, bibi akaenda Litapunga kuvuna karanga, akaniacha kwa mama jirani. Huyo mama alikuwa na moyo mzuri, sikatai, lakini mikono yake, Mungu wangu! Mume wake alikuwa mrina asali, mizinga ya magome imejaa msituni, na nyumba nzima ilinuka moshi na nta. Akaona kusuka kila wiki ni kazi ya bure. Akayeyusha nta, akanipaka kichwa kizima, ili nywele zilale zisijitatize tena. Na hiyo nta hakuichuja vizuri. Ilikuwa na asali!

Kesho yake niko darasani, nasikia kitu kinatembea shingoni. Sisimizi. Wamepanga mstari kutoka ukutani, dawatini, mpaka kichwani kwangu. Darasa zima likacheka. Mwalimu akaja, akagusa, kidole kikanasa. Akasema, "Mwambie bibi yako, Jumatatu uje umenyolewa. La sivyo nitanyoa mimi, mkasi ninao."

Bibi aliporudi hakutua hata kikapu cha karanga. Alipita moja kwa moja kwa jirani.

"Wewe mama, nimekuachia mtoto, umenirudishia mzinga?"

"Si zimetulia, bibi? Angalia, hazijifungi tena."

"Zimetulia kama maiti!"

Lakini alimvuta huyo huyo mama, wakakaa wote wawili, mmoja anapasha maji na mafuta, mwingine anachambua. Kazi ilianza Jumamosi asubuhi, Jumapili wakaendelea, hata kanisani hawakwenda. Vidole vya bibi viliwiva kwa maji ya moto. Nililia, nikatukana, nikasema, "Ninyoe tu, bibi, yaishe!" Akanipiga kofi dogo begani. "Yaishe nini? Unataka kunizika leo?" Nikarudisha kichwa magotini. Ndipo nilipoelewa kwamba yule hapiganii nywele.

Kisogoni fundo moja lilikataa kabisa. Alilikata mwenyewe, akalichimbia nyuma ya nyumba asione mtu. Jumatatu akanisindikiza. Mwalimu alipitisha mkono, akafika kisogoni penye kidoa cha ngozi, akacheka. "Na hapa, bibi?"

"Hapo nimekulipa wewe, mwalimu. Sehemu iliyobaki ni yangu."

"Haya. Lakini sisimizi wakirudi, mkasi." Nikaenda kukaa.

Siku hizi msitu ule umerudi nyuma, mizinga ya magome siioni, na mafuta ya nyonyo ukiyataja watu wanakunja pua. Nyumba ya jirani wamehamia wengine. Kitana cha mninga kilivunjika meno, lakini ninacho. Bibi alipofariki, wanawake walikuja na wembe, wakaniuliza kwa upole kama niko tayari. Nilikaa chini mwenyewe nikainamisha kichwa. Nilitafuta magoti yake, nikakuta mkeka.

Huyu mtoto wa dada yangu hajafiwa na mtu. Mama yake yuko hai, anapika. Sasa wewe unayetaka anyolewe, unamlilia nani?