Siku Tuliyolisoma Jiwe la Bridget

Mwanangu, weka simu chini kidogo. Kuna siku moja ambayo kila nikiikumbuka mwili hunisisimka hadi leo. Nilikuwa kijana, mgeni hapa Arlington, Marekani, na kazi yangu ilikuwa kumhudumia bibi mmoja Mzungu nyumbani kwake. Aliitwa Nora. Alikuwa mwalimu mstaafu, mkali lakini mcheshi, na macho yake yalikuwa yanafifia. Ukoo wake ulitoka Ayalandi, na alitaka jambo moja tu kabla hajapofuka kabisa: kujua wazee wake walitoka sehemu gani ya nchi hiyo.

Usidhani ni kazi ndogo. Tulipekua rekodi za sensa, za meli, za ubatizo, nami nikimsomea mstari kwa mstari. Kila karatasi ilisema "Ayalandi", basi. Nchi nzima! Hebu fikiria mtu akuambie kwao ni Kenya, halafu akutume ukamtafutie mlango wa nyumba yao. Nora aligonga meza kwa hasira. "Hawa makarani walikuwa wavivu!" Mimi nilicheka kichinichini, ingawa roho iliniuma kumwona akihangaika hivyo huku macho yakizidi kufifia.

Mwishowe kitabu cha kanisa moja la Houston kilitwambia kwamba Bridget, mamake nyanya yake Nora, yule hasa aliyevuka bahari, alizikwa katika makaburi ya zamani ya mji huo. Nora akasema twende, na nibebe kioo kikubwa. Nikang'oa kile cha bafuni. Nilidhani anataka kujipamba kabla ya kuwasalimu marehemu! Mama yangu kule Taita nilipompigia kumweleza safari yenyewe, alishtuka. "Unazurura makaburini mwa watu? Kwani huko Marekani walio hai wamekwisha?"

Basi tukafika, jua linawaka, jasho linatutiririka, Nora ameshika mkono wangu. Tulipata kwanza kaburi la mwanawe Bridget, na kando yake jiwe lingine jeupe lililoliwa na mvua likawa laini kama sabuni iliyotumika. Sikuona hata herufi moja. Nikakimbilia gari, nikachukua brashi ya waya niliyokuwa nikisugulia betri. Nilipoanza tu kukwangua, fimbo ya Nora ikanitua mkononi.

"Wee! Jiwe limemlinda mama huyu miaka yote hii, na wewe unataka kulinyoa? Ukilikwangua, hata kilichobaki kitapotea. Shika kioo. Simama ubavuni. Lirushie jua kwa upande."

Nikasimama na kioo changu cha bafuni, najiona mjinga kabisa. Nikakizungusha huku na huku mpaka mwanga ukapita juu ya uso wa jiwe kwa mshazari. Lahaula! Herufi zikaanza kujitokeza. Pale palipokuwa patupu pakawa na jina, kisha mstari chini yake, kisha mwingine. Niliogopa hata kupumua. Nikasoma kwa sauti: Bridget, mzaliwa wa parokia ya Kilrush, jimbo la Clare, Ayalandi.

"Rudia," Nora akasema.

Nikarudia. Akapiga magoti, akapitisha vidole juu ya maneno ambayo hakuweza kuyaona, akilitamka jina la kwao taratibu, huku machozi yakimdondoka. Mimi pia nililia, sikuficha. Makarani wote waliandika nchi tu, lakini watoto waliomzika mama yao walihakikisha jiwe linataja hadi parokia. Walijua kuna siku mtu wao atakuja kuuliza. Nilihisi tumesimama mbele ya watu wanaotujibu.

Tulipokuwa tunarudi garini Nora akaniuliza, bila ubaya wowote, "Na wewe, mamake nyanya yako anaitwa nani?"

Ukoo mzima wa Nora nilikuwa nao kichwani, na wangu sikuujua!

Asubuhi yake nilimpigia mama. Nilipomuuliza jina hilo, akaniambia: Wakesho, mzaliwa wa Werugha, aliyeolewa Mgange, aliyekuwa akiimba akilima. Nikamuuliza kwa nini hakuwahi kuniambia. "Hukuniuliza," akasema. Tangu siku hiyo nilimuuliza kila Jumapili, tukacheka sana. Mwaka haukuisha, mama akafariki. Ninayoyajua ni yale tu niliyowahi kuuliza.

Kwa hiyo mwanangu, nakuomba. Wewe umezaliwa hapa, na watu wakikuuliza asili yako unawajibu Kenya, tena umeshatosheka. Usitosheke. Kwetu hatuandiki majina juu ya mawe; makaburi mengi ya wazee wetu hayana hata alama, na mvua imeshayasawazisha na shamba. Jina la Wakesho halipo popote ila mdomoni mwangu, na mdomo huu umezeeka. Niulize sasa. Niulize hata ukiona nimechoka, hata nikikufokea. Kisha watajie wanao majina hayo na vijiji hivyo, mmoja mmoja, mpaka wakuombe unyamaze.

Mungu akulinde barabarani na kazini, akupe uzee wenye kumbukumbu, na akujalie wajukuu wasumbufu wasiochoka kuuliza. Na wewe, mwanangu, uwe na la kuwajibu.