Bega la Nne

Miaka ile kijiji chetu kisiwani Pate, upande wa Chundwa, kilikuwa kikipungua watu, wala hakuna aliyethubutu kulisema. Watumwa walipopewa uhuru walikwenda zao, mashamba yakarudi kuwa pori. Mabwana zao, ambao jembe walilijua kwa kuliona tu, wakafuata, huyu Amu, yule bara. Kila aliyehama alisema anakwenda kutembea, nasi tukamwamini kwa adabu. Njia ya kwenda pwani ilikosa wa kuifyeka. Vichaka vikaibana hata punda hakupita.

Mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, na mzalishi wetu alikuwa amehamia Wiyoni, kule Amu ng'ambo ya maji, kwa mwanawe. Uchungu uliponishika asubuhi tulingoja kwa dua na maji ya kombe, yaliyooshewa aya sahanini nikanywa. Jua lilipopanda, mama alinipapasa tumbo akasema mtoto amelala kingamo, kichwa hakikuelekea chini. Ilibidi nifikishwe kwa mzalishi. Lakini dau letu lilielea kwenye kijito maji yakiwa yamejaa tu, nayo yalishaanza kutoka. Tukichelewa, ni matope mpaka usiku, na huo usiku mimi na mtoto tusingeuona.

Kitanda kisingepita njia ile. Kitu chembamba cha kubebea mtu kilikuwa kimoja, jeneza la msikiti. Mama alilia, akasema ni kisirani.

"Kisirani ni kumwata hapa afe," baba akamjibu.

Wakanilaza ndani, wakanifunika shuka. Mlinuka karafumaiti.

Jeneza lina mikono minne, na wanaume wenye nguvu waliobaki walikuwa baba, ami yangu na mume wangu. Mama akashika mkono wa nne, mbele, ubavuni mwa mume wangu, jambo ambalo sijaona mwanamke akilifanya tena. Alipoyumba, niliyumba naye.

Katikati ya njia jeneza likatulia. Kwetu, anayekutana na jeneza hutoa bega lake hatua chache kwa ajili ya thawabu. Hasemi kitu, wala haulizwi jina. Nikajua mama amepokewa, nikamshukuru Mungu. Kisha sauti ya chini ikaanza mbele: "La ilaha illa Llah." Maskini, nikasema moyoni, amedhani anazika. Sauti nyingine ikaitikia, na nyingine tena, nyayo zikawa nyingi pande zote. Nilikuwa mwepesi sana juu ya mabega yale. Niliogopa, kisha nikazimia.

Nilipozinduka, jua lililopenya shuka lilikuwa limehama upande, na kwa hilo nikajua tulipo. Tulikuwa tumefika njia panda, na badala ya kushika njia ya pwani jeneza lilikuwa limepinda kuelekea makaburini. Baba alikuwa nyuma, haoni mbele. Nilikusanya nguvu.

"Baba, sijafa."

Dhikri ikakatika. Upande wa mbele ukaanguka chini.

Mume wangu alinifunua. Hapakuwa na mtu ila sisi. Mama alisema mwanamume alimpokea, naye mama kwa haya alijifunika uso akatazama chini, hakuona ila miguu. Mume wangu alisema alifuata alikovutwa, akidhani mwenzake anaijua njia. Ami akasema wamekimbia, nani asiyekimbia maiti akisema?

"Watu gani?" baba akauliza. "Hapa halimi mtu."

Mama akashika tena mkono wake, wakaenda karibu kukimbia. Tulilikuta dau tumbo lake likigusa matope, wakalisukuma.

Mtoto alizaliwa Wiyoni jioni, mzima, mkali wa kilio. Baba alimwadhinia sikioni, akanirudishia. Akaketi upande wa pili wa pazia, nikadhani amelala.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "pale ndia panda, kama ungelikuwa umezimia?"

Nilimsogeza mtoto kifuani. Nilikuwa nimezimia kweli. Aliyeniamsha ni huyu mtoto, kwa teke.